Nzi Mwekundu Shingoni mwa Meshaki

"Huyo ni wangu," Mwalimu Esnath alisema kabla hajaulizwa.

Inspekta Marietha alikuwa ndiyo kwanza ameweka kifuko cha nailoni juu ya meza, mahali ambapo mwanga wa dirisha ulifika. Ndani yake alikuwemo nzi wa bandia, mdogo kuliko ukucha, aliyefumwa kwa nyoya jekundu la jogoo juu ya ndoano nyembamba. Asubuhi ile daktari alikuwa amemchomoa shingoni mwa maiti, chini ya kola ya koti.

"Una hakika, Mwalimu?"

"Nimesahihisha miandiko ya watoto wa Isongole mpaka nikastaafu. Nitashindwa kuutambua mkono wangu mwenyewe? Uzi huo wa zambarau ni wa cherehani yangu. Na kile kijino cha ndoano nimekibana kwa koleo. Papasa."

Marietha alipapasa. Ndoano alizokulia nazo kwao Bukoba zilikuwa na kijino kinachomzuia samaki asichomoke. Hii ilikuwa laini mpaka kwenye ncha.

"Kwa nini unakibana?"

"Samaki mdogo nikimnasa nimrudishe bila kumchana mdomo."

"Marehemu Meshaki ulikuwa unamfahamu?"

"Mlinzi wa mtoni, mbwa wa kampuni. Aliwafukuza watoto kwa fimbo, na wengine ni watoto wa ndugu zake. Nimesikia amekufa. Sitalia, na sitajifanya nalia."

Sajini Fulgence, mtu mzima mwenye mvi aliyekuwa akiandika maelezo, aliinua kalamu. "Hilo nalo niandike, afande?"

"Andika," Esnath alijibu badala ya inspekta. "Na nukta uweke."

Kijito cha Kalyongo kilishuka kutoka kwenye msitu wa juu ya Isongole, maji yake baridi hata mwezi huu wa Septemba ambapo jua lilikuwa kali. Trauti wa kahawia waliletwa humo enzi za Mwingereza, wakazaliana wenyewe wakawa samaki wa porini. Marehemu mumewe Esnath, Andongwisye, alikuwa mtumishi kwenye mabwawa ya serikali ya kuzalishia samaki, na ndiye aliyemfundisha mkewe kuvua kwa nzi wa kuelea. Ni uvuvi wa fimbo ndefu na mshipi mwepesi. Nzi anatua juu ya maji kama mdudu aliyeanguka mwenyewe, na trauti anapanda kutoka chini kumchukua.

Kisha serikali ikajitoa kwenye biashara. Mabwawa na kambi vikachukuliwa na mwekezaji, Kampuni ya Maji Baridi, na kando ya kijito yakasimikwa mabango: marufuku kuvua, isipokuwa wageni wa kambi. Watu wa Isongole walinung'unika, wakaacha. Esnath hakuacha.

"Juzi ulikuwa mtoni?" Marietha aliuliza.

"Nilikuwa. Juu ya daraja la magogo, mpaka upepo wa mchana ulipoanza kuvuruga maji."

"Ulijua ni marufuku."

"Nilijua kuna bango. Mto ulikuwepo kabla ya bango."

"Nikikuachia leo utafanya nini?"

"Kesho nitavua."

Fulgence alikohoa. Marietha aliinama, akainua kofia ya ukindu waliyomkamata nayo Esnath. Kwenye ukingo wake walikuwa wamechomekwa nzi kadhaa. Wote walikuwa wa kijivu.

"Hapa hakuna mwekundu hata mmoja."

"Hao ni wa manyoya ya kanga. Wekundu walikuwa kwenye kopo la mafuta ya kujipaka. Meshaki alininyang'anya mwezi wa saba, akalipeleka kambini kwa meneja wake. Na jogoo mwenyewe nilishamchinja Pasaka. Nitapata wapi nyoya jingine?"

"Kwa hiyo nzi huyu alikuwa kambini."

"Mpelelezi ni wewe, mwanangu. Mimi ni mshitakiwa."

Mlango ulifunguliwa. Mkuu wa polisi wa wilaya alimwita Marietha kwenye korido kwa kidole.

"Una nini?"

"Nina maswali, afande."

"Mimi nina majibu. Maiti ya mlinzi imekutwa kwenye kidimbwi cha kijito, chini ya daraja la magogo. Maji yamejaa samaki waliokufa kwa utupa. Mama huyu ana chuki na mlinzi, alikuwepo siku hiyo, na ndoano yake iko kwenye shingo ya mtu. Wanavijiji walitia sumu, mlinzi akawafumania, wakammaliza. Mkoa wameshapiga simu. Jalada liende kwa mwendesha mashtaka leo."

"Nipe mpaka jioni."

"Nimesema leo."

"Jioni ni leo, afande."

Mkuu aligeuka kurudi ofisini kwake. Hakusema ndiyo. Marietha alichukua kofia yake ya kazi kabla hajasema hapana.

*

Dakta Nelson alikuwa bado chumba cha maiti, mikono ndani ya beseni la sabuni.

"Hakuzama," alisema. "Mapafu yake hayana maji. Aliingia majini akiwa maiti. Kilichomuua ni hiki." Alimgeuza marehemu kichwa taratibu. Kisogoni palikuwa na shimo la mviringo, dogo, lenye kingo safi. "Siyo jiwe. Jiwe linachana. Hiki ni kitu kidogo, kizito, cha mduara. Nimekukatia kipimo." Alimpa kipande cha karatasi cha duara, kidogo kuliko kisoda.

"Na ndoano?"

"Nyama haikuvimba, damu haikutoka. Alichomwa nayo baada ya kufa. Na aliyemchoma aliisukuma mpaka ncha ikatokea upande wa pili, kama mtu anayeshona gunia."

"Maana haina kijino," Marietha alisema. "Asingeisukuma hivyo ingechomoka."

Alimwomba daktari miwani ya kukuzia, akampeleka nzi dirishani. Alitazama mwili, akatazama nyoya, akafika kwenye kitundu cha kichwa cha ndoano, kile kinachofungiwa mshipi. Kitundu hakikuwa wazi. Kilikuwa kimezibwa na tone la rangi ya kucha, ile ile iliyoshikilia fundo la uzi wa zambarau. Marietha alimwelekeza juani. Mwanga haukupita.

"Fulgence, njoo uone. Mshipi unapita wapi hapa?"

Sajini alifumba jicho moja. "Haupiti, afande."

"Na haujawahi kupita. Mtu akikutupia nzi kwa fimbo, nzi amefungwa. Ukikatika mshipi, fundo linabaki. Huyu hajawahi kufungwa tangu atengenezwe. Ametoka kwenye kopo, akaenda moja kwa moja shingoni."

"Meshaki angeweza kubaki na mmoja, mfukoni kwake."

"Angeweza. Lakini asingejichoma akiwa amekufa."

Koti la marehemu lilikuwa limetundikwa kwenye msumari, bado linatiririka. Marietha aliligeuza. Mabegani na mgongoni, kwenye kitambaa kizito cha sufu, kulikuwa na rojo ya majani iliyokandamizwa ndani ya nyuzi, kijani kilichoanza kuwa cheusi. Alinusa. Hata mtu wa kutoka Bukoba aliijua harufu ile. Ni utupa, majani yanayotwangwa na kumwagwa mtoni ili samaki walewe na kufa.

"Basi ni yeye aliyetia sumu," Fulgence alisema.

"Mikono yake umeiona?"

Fulgence aliifunua. Viganja vilikuwa vyeupe kwa maji, kucha safi.

"Anayetwanga utupa hukaa na kijani kwenye kucha. Huyu anacho mgongoni. Alilazwa juu yake, Sajini. Alibebwa na kitu kilichokuwa kimebeba utupa kabla yake."

*

Kwa Meshaki hapakuwa na watu. Hilo lilimshangaza Marietha kuliko yote aliyoyaona siku ile. Tangu ahamishiwe Rungwe alikuwa amezoea misiba iliyojaza mashamba, ngoma na vilio kutoka mbali. Hapa kulikuwa na moto mmoja, na mama mmoja amekaa kwenye mkeka. Nyuma ya nyumba, kando ya matuta ya viazi, mtu alikuwa ameweka alama ya kaburi kwa vijiti vinne. Hakuna aliyekuwa amechimba.

"Pole sana, mama."

"Ndaga," Tulia, mjane, alishukuru kwa Kinyakyusa. "Umekuja kuniuliza kama wenzako walivyoniuliza? Nani alimchukia? Wote. Andikeni wote."

Marietha alikaa chini kwenye mkeka. "Nimekuja kuuliza mumeo alisema nini juzi alipoondoka nyumbani."

Tulia aliinua uso. "Hilo hawakuniuliza."

"Nauliza mimi."

"Alikuja mchana, hakugusa chakula. Akasema meneja anataka waende wote wilayani, akaape kwamba amewaona Erasto na wenzake wakitia utupa. Kampuni inataka mashamba ya kando ya kijito yaondolewe. Wakishapata shahidi, watu wanahamishwa." Alivuta upande wa khanga. "Mume wangu akasema hivi: 'Kuwafukuza mtoni nimewafukuza, ndiyo kazi niliyopewa. Lakini kuona nisichokiona, hapana. Nimeshamwambia hapana. Sasa ananiita tena, nakwenda kumwambia mara ya pili.'"

"Alikwenda wapi?"

"Kambini. Hakurudi."

"Erasto ni mwenyekiti wenu wa kijiji. Umemwambia?"

"Nimwambie nani, afande? Hata maji ya msiba sijaletewa. Angeniamini?"

*

Amoni, meneja wa kambi, aliwapokea barazani na chupa ya chai. Alikuwa mtu wa Tukuyu mjini, shati limepigwa pasi, na maneno yake yalikuwa tayari kabla ya maswali.

"Inspekta, mimi nimeshatoa statimenti. Kijana wangu amekufa kazini, tunamgharamia kila kitu. Jeneza linatoka Mbeya kesho."

"Kopo la nzi la Mwalimu Esnath liko wapi?"

"Nilichoma. Siku ile ile alipolileta Meshaki. Moto wa jikoni."

"Kama ulichoma, huyu ametoka wapi?" Alimwonyesha kifuko.

"Muulize mwenye kumfuma."

Ukutani mwa baraza vilining'inia vifaa vya wageni, kila seti kwenye kigingi chake: fimbo, wavu wa mkono, na kirungu kifupi cha mti chenye risasi iliyoyeyushiwa kichwani, cha kumgonga samaki akishatolewa majini. Marietha alitembea mbele ya vigingi polepole. Kigingi cha mwisho kilikuwa na fimbo na wavu tu.

"Kirungu cha hapa?"

"Wageni hupoteza vitu."

"Wageni wa mwisho waliondoka lini?"

"Tangu baridi. Julai."

"Na baada yao mmepiga ukuta chokaa." Aligusa ukuta, kidole kikatoka cheupe. Kila kirungu kilikuwa kimeacha kivuli kisichopigwa chokaa nyuma yake, kwa maana mpiga chokaa alikuwa mvivu na hakuvitoa. Nyuma ya kigingi kitupu kivuli kilikuwepo pia. "Basi wageni hawakukipoteza. Ukuta ulipakwa lini?"

Fulgence, aliyekuwa akinywa chai, aliweka kikombe chini.

Marietha alitoa kirungu cha kigingi cha jirani, akaweka juu ya kichwa cha kirungu ile karatasi ya Dakta Nelson. Ilikaa sawasawa, bila kuzidi wala kupungua.

"Tuone gari lako," alisema.

Pikapu ilikuwa nyuma ya jiko, imeoshwa mpaka inang'aa. Fulgence alipanda, akapapasa sakafu, akatikisa kichwa. Marietha alimwomba afungue mlango wa nyuma wa bodi. Kwenye bawaba, mahali ambapo maji ya ndoo hayafiki, palikuwa na ute mzito wa majani. Fulgence aliuchokoa kwa msumari, ukajaa kiganja.

"Hii ni nini, Bwana Amoni?"

"Majani ya ng'ombe. Nabeba majani ya ng'ombe kila wiki."

"Ng'ombe wa nani?"

"Wa nyumbani, Tukuyu."

"Sawa."

Alichukua ule ute kwa Fulgence, akavuka ua bila haraka. Mbele yake lilikuwa bwawa la saruji lenye vifaranga vya trauti, maelfu yao wakizunguka kama moshi ndani ya maji. Alisimama ukingoni. Alinyoosha mkono juu ya maji.

"Usitie humo!"

Amoni alikuwa ameshafika, pumzi juu, amemshika kifundo cha mkono. Mpishi alitoka jikoni akasimama mlangoni. Marietha alimtazama meneja usoni, kisha akautazama mkono uliomshika, mpaka Amoni akauachia.

"Kwa nini nisitie? Majani ya ng'ombe hayamdhuru samaki."

Maji ya bwawa yalisikika yakiingia kwa bomba.

"Sikiliza," Amoni alisema kwa sauti ya chini. "Wewe ni mtu wa serikali, unaelewa. Wale watu wanalima viazi mpaka kwenye ukingo wa mto. Udongo wote unaingia majini. Mto utakufa, mradi utakufa. Tulihitaji sababu, basi. Samaki wachache."

"Na Meshaki?"

"Alikuwa mlinzi tu! Kazi yake ilikuwa kusema ninachomwambia. Nikamwambia mara ya kwanza, akakataa. Mara ya pili akanigeuzia mgongo. Mimi nazungumza naye, yeye ananigeuzia mgongo."

"Ukachukua kirungu."

Amoni alijinyoosha shati. Alipozungumza tena ile sauti ya barazani ilikuwa imerudi. "Sijasema hivyo. Sitasema neno jingine. Wenye kampuni hawajui polisi wa wilaya, wanajua watu wa juu. Nitapiga simu mkoani sasa hivi, na kesho utajikuta unapanga foleni ya uhamisho."

"Simu ya kambi mbovu, ulituambia mlangoni. Ya kituoni inafanya kazi." Marietha alipokea pingu kutoka kwa Fulgence. "Twende ukapigie hapo. Na mimi nitataka kuongea nao."

*

Jua lilikuwa halijazama alipoweka mezani kwa mkuu wake kirungu kilichoopolewa kwenye shimo la choo cha kambi, mpishi ndiye aliyewaonyesha. Mkuu alisoma maelezo ya Fulgence mara mbili. Hakumsifu. Alisaini tu, akasema kwamba mkoa angewapigia yeye mwenyewe.

Esnath alitolewa mahabusu.

"Kosa la kuvua bado liko mezani, Mwalimu," Marietha alimwambia. "Wanataka usaini kwamba hutarudi mtoni."

"Liache hapo hapo mezani. Sisaini." Alivaa kofia yake ya nzi wa kijivu. "Nani alimuua?"

Marietha alimwambia. Alimwambia pia kilichosemwa kwenye mkeka wa Tulia, neno kwa neno, maana aliona mama yule angetaka maneno yenyewe. Esnath, aliyekuwa ameshasimama, alikaa tena kwenye benchi.

"Mara ya pili," alisema. "Alikwenda kukataa mara ya pili, na akijua hakuna hata mmoja wetu anayemsalimia."

"Ndivyo alivyosema mkewe."

"Anazikwa lini?"

"Kesho. Kama patakuwa na kaburi."

Kesho yake Marietha alipanda Isongole na gari la polisi, amebeba maiti iliyokuwa ndani ya jeneza la mbao za misindano alilochongesha kwa michango ya kituo. Lile la kampuni Tulia alilikataa. Barabarani, mbele ya duka, wanaume wa kijiji walikuwa wamekaa na Erasto mwenyekiti wao, mikono mifukoni. Habari ilikuwa imewafikia, ilionekana kwenye nyuso zao, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kunyanyuka. Walikuwa wamemtenga mtu mbele ya watoto wao. Sasa hawakujua pa kuanzia.

Nyuma ya nyumba kulisikika jembe.

Esnath alikuwa ndani ya vile vijiti vinne, shimo limemfika magotini, gauni limefungwa kiunoni kwa khanga. Udongo mweusi wa Rungwe ulikuwa umemganda mpaka viwikoni. Tulia alikuwa amekaa kwenye ukingo na ndoo ya maji, hawasemeshani.

Marietha alisikia hatua nyuma yake. Wanaume walikuwa wamekuja, wote, wamesimama kwenye matuta ya viazi. Erasto alivua kofia.

"Mwalimu, toka humo. Kwetu mwanamke hachimbi kaburi. Unatuaibisha."

Esnath aliendelea kuchimba.

"Mwalimu." Erasto alishuka mpaka ukingoni, akanyoosha mkono, sauti imepungua. "Tumesikia alichokifanya. Tumekuja. Lete hilo jembe."

Esnath alijinyoosha mgongo, akafuta uso kwa mkono wa gauni, akamtazama mwenyekiti wake kwa macho yale yale aliyomtazamia Marietha chumba cha mahojiano.

"Jembe hili lina mtu," alisema. "Tafuta lako."